Ng'ombe wa Dada Zetu: Habari za Masomo ya Wasichana Katika Bungoma na Kitale



Kamati ilipotutaka tuandike kurasa chache za historia katika taarifa ya mwaka huu, tulidhani kwamba kazi hiyo itakuwa nyepesi. Habari za masomo ya wasichana katika nchi yetu zajulikana na wengi: walianza nyuma ya wavulana, wakaenda polepole, na leo wamejaa madarasani. Mtu angeweza kuziandika kwa karatasi moja akapumzika. Lakini tulipoketi na wazee wa Kimilili na wa Kiminini kuwauliza karo ya siku zile ililipwaje, tuliona kwamba kila habari yarudi pale pale, kwa ng'ombe. Na tulipouliza ng'ombe hao walitoka wapi, mara nyingi jibu lilikuwa jina la msichana. Kwa hiyo tumeona heri tuandike habari hiyo, ingawa si yote inayotupendeza sisi wanaume.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa dini ya Marafiki, ndio Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi wakaanzisha misheni ya kuhubiri na kufundisha kazi za mikono. Kutoka huko kazi yao ilipanda kaskazini ikafika Lugulu katika miaka ya 1910, na hapo ndipo watu wengi wa Bungoma walipoona kitabu kwa mara ya kwanza. Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias na Mukumu, na baadaye Kibabii. Waanglikana walikaa Butere, na mwaka 1916 Bibi Jane Chadwick alikuja huko kumsaidia ndugu yake, Padre Walter Chadwick, akaanza kuwafundisha wasichana.

Wavulana waliokwenda misheni walifundishwa kusoma, kuhesabu, useremala na kujenga kwa matofali. Wasichana walifundishwa kusoma pia, lakini saa nyingi zilitumika katika kushona, kufua, kupika na kulea watoto. Haifai tuwalaumu kupita kiasi wale waliopanga hivyo, kwa maana huko kwao pia mawazo yalikuwa ni hayo. Lakini tusifiche sababu nyingine iliyokuwako. Misheni ilikuwa na walimu na wahubiri vijana waliohitaji wake Wakristo, na msichana alipopokelewa bwenini, mara nyingi ilifikiriwa kwanza atakuwa mke wa nani. Wazazi nao walifikiri jambo hilo hilo, ila kwa upande wao. Basi misheni na mji zilishindana juu ya ndoa ya mtoto, na yeye mwenyewe aliulizwa kwa nadra. Wako waliojibu bila kuulizwa. Walikimbia usiku kwenda misheni kwa sababu walikuwa wameposwa na mzee wasiyemtaka, na asubuhi baba na wajomba wakafika langoni kuwadai.

Wazee hao wa kale hawakuwa wajinga, nao vijana wa siku hizi wanaowacheka hawajui walichokuwa wakilinda. Katika desturi yetu ng'ombe wa mahari hawakuwa bei ya mtu. Walikuwa njia ya kuunganisha milango miwili, na zaidi ya hayo walikuwa akiba ya kaka. Dada alipoolewa, ng'ombe waliingia zizini, nao wakatoka tena kumwolea kaka yake mke. Kwa hiyo mvulana alimwangalia dada yake kwa heshima ya pekee, akijua kwamba nyumba yake mwenyewe itasimama juu ya ng'ombe wa huyo dada. Baba aliyemwona binti yake anaingia bwenini bila kujua atatoka lini, wala ataolewa na nani, wala kama mahari yatatolewa, aliona mbele yake mtoto wa kiume asiye na mke. Hofu hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake.

Kisha hesabu ikageuka, na hapa ndipo tunapoomba wanachama wasome polepole.

Serikali ya Kikoloni ilitoza kodi ya nyumba tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20. Kodi hiyo ilihesabiwa kwa nyumba, na kwetu kila mke alikuwa na nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake watatu alilipa mara tatu. Baadaye, Mabaraza ya Wenyeji yalipoundwa katika miaka ya 1920, Baraza la Kavirondo Kaskazini, ambalo Bungoma ilikuwa chini yake, lilitoza ushuru wake juu ya kodi ile ili kupata fedha za maendeleo. Wazee wa baraza walitaka shule kubwa isiyo ya misheni yo yote, nao waliipata mwaka 1932, ndiyo Shule ya Serikali ya Kakamega. Ilikuwa fahari ya kweli. Wavulana wa Kabras, Maragoli, Wanga na Bukusu walikutana humo wakawa walimu, makarani na wanasiasa. Lakini ilikuwa shule ya wavulana. Nyumba za wanawake zilihesabiwa vizuri sana siku ya kodi. Siku ya kujenga shule binti za nyumba hizo hawakuhesabiwa.

Mvulana aliyepata nafasi alihitaji karo, blanketi, kaptura na nauli. Fedha taslimu zilikuwa haba. Mshahara wa kibarua ulikuwa shilingi chache kwa tikiti ya siku thelathini. Kitu kilichoweza kugeuzwa shilingi nyingi kwa siku moja kilikuwa ng'ombe, na katika miji mingi ng'ombe waliokuwa tayari kuuzwa ni wale walioingia kwa mahari. Basi ng'ombe waliokuwa wa kumwolea kaka mke wakawa ng'ombe wa kumpeleka kaka shule. Hakuna baraza lililokaa kuamua jambo hilo. Liliingia nyumba kwa nyumba. Na kwa kuwa karo haingoji, palikuwa na wasichana waliolazimika kuolewa mapema kidogo kuliko ambavyo wangeolewa, ili kaka asifukuzwe shuleni muhula wa pili. Mzee mmoja wa Kimilili, aliyekuwa mwalimu miaka mingi, alituambia bila kuficha: “Dada yangu mkubwa ni darasa la tano na la sita. Mdogo wake ni darasa la saba na la nane.” Alicheka alipolisema, kisha akanyamaza kwa muda.

Upande wa Kitale mambo yalikuwa magumu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wazungu wengi walipewa mashamba katika Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ilifika Kitale, mahindi yakapata njia ya kwenda pwani. Watu wetu walivuka wakaenda kukaa katika mashamba hayo kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mwenye shamba si chini ya siku 180 kwa mwaka, nao wakaruhusiwa kulima kipande na kuchunga mifugo. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi katika mabaraza yao uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo, na katika miaka ya 1940 ng'ombe wa maskwota wa Trans Nzoia walipunguzwa kweli kweli.

Kwa habari ya shule, mtoto wa skwota hakuwa na mwenyewe. Baraza la Wenyeji lilikuwa na fedha zake kwa ajili ya Rizavu tu, na mashamba ya Wazungu hayakuwa mkononi mwake. Mjini Kitale palikuwa na shule nzuri ya serikali, lakini ya watoto wa Kizungu. Iliyobaki ni shule ya shamba, yaani banda la udongo na mwalimu mmoja, iliyosimama kwa hiari ya mwenye shamba na kuanguka kwa hiari yake, nayo ilifundisha madarasa machache ya chini. Mzazi aliyetaka mtoto apite hapo alimpeleka Bungoma kwa babu na bibi. Wengi waliopelekwa walikuwa wavulana. Msichana alibaki, kwa sababu mama alipokuwa akipalilia mahindi ya bwana au kuchuma pareto, mtu mmoja sharti akae na mtoto mchanga, na mtu huyo alikuwa msichana wa miaka minane au tisa. Kukhu wetu, mzaa baba, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa shambani, akalea wadogo wanne, na hata alipofariki alijua herufi tatu tu, zile za mwanzo za jina la mwenye shamba, kwa kuwa zilipigwa chapa juu ya magunia.

Mwaka 1949 ilitoka taarifa ya kamati iliyoongozwa na Archdeacon Leonard Beecher, nayo ikapanga masomo ya Waafrika katika ngazi tatu za miaka minne minne: ya chini, ya kati, na sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na mwisho wa darasa la nane mtihani mwingine, na kila mtihani ulikuwa chujio. Watu wetu walichukia mpango huo, na kwa haki, lakini husemwa mara chache kwamba chujio lile liliwabana wasichana zaidi. Shule za kati zilikuwa chache na mbali. Mvulana wa miaka kumi na miwili angeweza kutembea maili sita alfajiri, au kupanga chumba karibu na soko na wenzake. Ni baba gani angemruhusu binti yake kufanya hivyo? Pasipokuwa na bweni la wasichana, darasa la nne ndilo lililokuwa mwisho wa safari, hata kwa mtoto aliyewashinda wavulana wote. Ndiyo maana Lugulu, Kaimosi na Butere, zilizokuwa na mabweni ya wasichana, zatajwa na mama zetu wazee kwa sauti ambayo sisi twatumia kutaja vyuo vikuu.

Na juu ya hapo? Shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Ya wasichana ilifunguliwa huko huko mwaka 1948, miaka 22 baadaye. Kwa upande wetu wa magharibi, wasichana walipata sekondari Butere mwaka 1957, na mwaka huo huo Marafiki walikuwa wakifungua Kamusinga kwa ajili ya wavulana hapa Bungoma. Hebu fikirini: kabla ya hapo msichana wa Malakisi aliyefaulu vizuri kabisa alitazamiwa apande gari la moshi mpaka karibu na Nairobi, au aende chuo cha ualimu wa madarasa ya chini, au arudi nyumbani. Wengi wao walirudi nyumbani.

Hata hivyo wachache waliopita walionekana upesi. Bibi Priscilla Abwao aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961, na mwaka 1962 alikuwa mwanamke Mwafrika wa pekee katika ujumbe wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House huko London. Dkt. Julia Ojiambo wa Busia, jirani yetu ambaye wilaya yake na Bungoma zilikuwa pamoja katika Elgon Nyanza, alichaguliwa Mbunge mwaka 1974 na kuwa mwanamke wa kwanza kufanywa Waziri Msaidizi katika Kenya. Wazee wanaosema kwamba msichana akisoma anaisomea nyumba ya watu wangefaa waulizwe jina la mume wa Bi. Abwao. Kwetu jina linalojulikana ni la kwake.

Baada ya Uhuru watu walijenga shule za harambee kwa mikono yao, na katika mashamba ya Trans Nzoia yaliyogawanywa shule zilichipuka hata katika maghala ya zamani ya mahindi. Shule hizo zilifungua mlango kwa wasichana wengi kuliko mipango yote iliyotangulia, kwa maana zilikuwa karibu na nyumbani. Lakini nyingi zilikuwa maskini, bila maabara wala walimu wa kutosha, na mzazi aliyekuwa na watoto wawili na fedha za mmoja alimpeleka mvulana shule ya serikali, na msichana akampeleka harambee. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne iliondolewa; hazikupita siku nyingi, fedha za majengo zikachukua nafasi yake, na katika shule nyingine zikawa nzito kuliko karo yenyewe. Masomo ya msingi bila malipo yalikuja mwaka 2003, na ya kutwa katika sekondari mwaka 2008.

Kati ya miaka hiyo miwili, 2003 na 2008, ndipo tulipopita sisi tunaoandika. Dada yetu mkubwa alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1999, akaitwa katika shule ya bweni ya wasichana. Barua ya kumwita ilikaa juu ya kabati hadi ilipogeuka rangi. Baba hakuwa na fedha, naye alisema mwaka ujao, na mwaka ujao akasema hivyo tena. Mwaka 2003 dada aliolewa. Mahari yalikuwa ng'ombe watano na fedha kidogo. Januari ya 2004 sisi tuliitwa katika sekondari ya misheni, na ng'ombe wawili kati ya wale watano walipelekwa soko la Chwele siku ya Jumatatu. Tuliwaswaga wenyewe pamoja na baba. Jike mweusi alikuwa mkaidi, akageuka mara mbili njiani kurudi nyumbani, na tulimpiga fimbo. Jioni tulikuwa na sanduku la bati, godoro, na karo ya mihula miwili. Wa tatu aliuzwa tulipofika kidato cha tatu.

Hatukumshukuru dada, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na mtu wa kushukuriwa. Tulimshukuru baba, tukamshukuru na mwalimu mkuu katika hotuba. Kazi ya ukarani tuliyo nayo hapa Kitale, kalamu hii, na hata nafasi ya kuandika historia ya masomo ya wasichana katika kitabu hiki, vyote vilitoka katika zizi lile.

Twaambiwa kwamba mambo hayo yamekwisha. Ni kweli kwamba mengi yamebadilika. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria kwamba serikali iwape wasichana wa shule taulo za hedhi, jambo ambalo wazee wengine hawapendi lisomwe mbele ya watu, lakini mama zetu wajua ni siku ngapi za masomo zilizopotea kwa ajili yake. Tena kutokea mwaka 1994 upo utaratibu wa serikali kwamba msichana aliyepata mimba akubaliwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Utaratibu huo una zaidi ya miaka thelathini, nao bado wasikika kama habari mpya katika vikao vyetu.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, kutoka Machi 2020 hadi zilipofunguliwa zote Januari 2021, kila mmoja wetu alijua nyumba ambayo binti yake hakurudi darasani. Kabla ya hapo, katika vita vya Mlima Elgon vya miaka ya 2006 hadi 2008, familia za Cheptais na Kopsiro zilitawanyika hadi Bungoma mjini na Kitale, na wasichana waliokatiza masomo wakati ule leo ni mama wa watoto walio shuleni. Shida ikija, msichana ndiye atolewaye kwanza, na wa mwisho kurudishwa.

Haya yatuleta katika jambo lililo mbele ya Mkutano Mkuu. Wanachama wajua kwamba fungu la basari la Chama lilianzishwa kwa nia njema, na kanuni yake yasema kwamba basari itatolewa kwa “mwanafunzi mwenye bidii na mwenendo mzuri”. Mwaka uliopita Kamati ilipokea maombi ya msichana mmoja wa upande wa Kiminini, mwenye miaka 17, anayelelewa na bibi yake. Alizaa akiwa kidato cha pili, akakaa nyumbani mwaka mmoja, akarudi, na katika mtihani wa muhula uliopita alikuwa wa tatu katika darasa la watoto arobaini na sita. Wajumbe walikuwa na maoni mawili. Wengine walisema kumpa basari ni kuwafundisha wengine kwamba mimba haina hasara. Wengine walisema hasara yake amekwisha kuilipa. Kura zilikuwa sawa, na Mwenyekiti, kwa busara yake, akaahirisha.

Sisi, tukiwa makarani wa kikao kile, hatukuwa na kura. Lakini tuliombwa kutafuta katika madaftari ya zamani kama neno hilo “mwenendo mzuri” liliwahi kutumika kumnyima mvulana. Tulitafuta jioni tatu. Wako wavulana waliopewa ingawa walikuwa wamefukuzwa shuleni kwa mgomo, na yuko mmoja aliyepewa mwaka ule ule aliposhtakiwa kwa baraza la chifu na baba wa msichana. Kuhusu jambo hilo la mwisho, mwandishi wa kikao aliandika kwa wino mwekundu pembeni: “Ni kijana, atajifunza.” Msichana yule hatajwi tena katika daftari.

Dada yetu anakaa Naitiri, ana watoto wanne, na mzaliwa wa kwanza ni msichana. Tulipomweleza kwamba tutaandika habari za ng'ombe wake katika taarifa ya Chama, aliuliza kwanza kama jina lake litatokea. Tukamwambia halitatokea. Akafikiri kidogo, akasema yule jike mweusi alikuwa na mimba siku alipouzwa, naye baba hakujua.

Maombi ya msichana wa Kiminini yamo katika faili la basari, namba saba. Karo inayotakiwa kwa mwaka mzima imeandikwa nyuma ya barua kwa mkono wa mwalimu mkuu, na mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi.